Kabla ya Sekunde ya Saba: Jinsi Roketi Inavyoandaliwa Kubeba Setilaiti ya Hali ya Hewa

Tarehe 13 Desemba 2022, saa 5:30 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, roketi aina ya Ariane 5 iliondoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Amerika ya Kusini. Kule ilikuwa bado saa 11:30 jioni. Ndani ya roketi mlikuwa na setilaiti tatu. Mbili zilikuwa za kurushia matangazo ya televisheni huko Amerika ya Kaskazini. Ya tatu, iliyoitwa MTG-I1, ndiyo inayotuhusu sisi, maana ni jicho jipya la kutazama hali ya hewa ya Ulaya na ya Afrika nzima. Anayefuata kalenda ya Kanisa atakuwa ameshatambua kwamba siku hiyo ni kumbukumbu ya Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho. Haikupangwa hivyo, lakini imeangukia vizuri.

Dakika 34 baada ya kuondoka, setilaiti hiyo ilikuwa imeachwa angani ijitegemee. Dakika 34 tu. Nyuma ya dakika hizo kulikuwa na miaka mingi ya kuunda na wiki nyingi za kuandaa. Katika somo hili tunataka kuitazama kazi hiyo ya kuandaa. Darasani roketi hufundishwa kwa kanuni ya tatu ya Newton: gesi inasukumwa chini, chombo kinasukumwa juu, na mada inafungwa. Kanuni ni sahihi, ila haituelezi kwa nini mamia ya watu wakague kwa wiki nyingi chombo kitakachofanya kazi kwa muda usiofika saa moja. Sababu ni kwamba roketi ikishaondoka hakuna fundi anayeweza kuigusa tena. Gari likiharibika njiani utaegesha pembeni. Ndege itatafuta uwanja wa karibu. Roketi haina pembeni. Kosa lolote linapaswa kuonekana likiwa bado chini, na kosa halionekani mpaka mtu aende kuliangalia.

Jicho lisiloondoka mahali pake

Tuanze na mzigo, kwa sababu mzigo ndio unaoamua mambo mengine yote. Setilaiti za hali ya hewa ni za aina mbili kubwa. Za kwanza huzunguka chini chini, kilomita mia nane na ushee kutoka ardhini, zikipita juu ya ncha za dunia. Kila mzunguko huchukua kama dakika 100, hivyo dunia inazunguka chini yake na setilaiti inaiona yote, kipande kwa kipande. Zinaona kwa karibu, lakini zikishapita juu ya Mwanza, Mwanza itasubiri saa kadhaa kabla ya kuonwa tena.

Aina ya pili hukaa mbali sana, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko mzunguko mmoja huchukua saa 23 na dakika 56, sawasawa na muda ambao dunia hutumia kujizungusha mara moja. Ukiiangalia kutoka ardhini, setilaiti inaonekana haisogei. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuhakikisha wenyewe: ongeza nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta, kilomita 6,378, upate kilomita 42,164 kutoka katikati ya dunia, zidisha kwa 2 na kwa pai, gawa kwa muda huo wa mzunguko. Utapata mwendo wa kilomita 3.07 kwa sekunde. Kitu kinachoonekana kimetulia tuli kinakimbia zaidi ya kilomita 11,000 kwa saa.

MTG-I1 ni ya aina hii ya pili. Iliwekwa juu ya Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich, ambapo setilaiti za Meteosat zimekuwa zikilinda zamu kwa miongo kadhaa. Meteosat ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Picha za mawingu tunazoziona kwenye utabiri wa televisheni, zile zenye ramani ya Afrika katikati, kwa sehemu kubwa zinatoka kwa ukoo huu. Setilaiti za kizazi kilichotangulia zilipiga picha ya uso mzima wa dunia unaoonekana kutoka hapo kila baada ya dakika 15. Hii mpya hupiga kila baada ya dakika 10, na badala ya kuitazama dunia kwa rangi na mionzi ya aina 12 hutazama kwa aina 16. Tena ina kamera nne za kutafuta radi, kila moja ikipiga picha 1,000 kwa sekunde, mchana na usiku.

Kuna watu hapa kwetu ambao kamera hizo ni suala la uhai na kifo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huenda kazini usiku, kwa sababu dagaa hufuata taa. Usiku huohuo ndipo ziwa hutengeneza dhoruba zake. Ardhi inapoa upesi kuliko maji. Upepo unavuma kutoka nchi kavu za pande zote kuelekea ziwani. Hewa inakutana juu ya maji yenye joto, inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya vichwa vya watu walio kwenye mitumbwi. Mtabiri anayekaa ofisini usiku huo hawezi kuona wingu hilo kwa dirisha. Rada za mvua katika eneo letu ni chache. Anachotegemea ni picha kutoka juu, na tofauti ya dakika 15 na dakika 10 si ndogo kwa mtu anayetakiwa kuambiwa arudi pwani.

Kwa nini Kourou

Setilaiti ilikamilishwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, ikavuka Atlantiki kwa meli na kufika Guyana mwezi Oktoba. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini Wazungu wapeleke chombo chao kuvuka bahari nzima badala ya kukirushia kwao. Sababu iko kwenye ramani. Kourou iko latitudo 5 kaskazini, karibu kabisa na ikweta, na upande wake wa mashariki ni bahari tupu. Mtu aliyesimama kwenye ikweta, hata akiwa amelala usingizi, anabebwa na dunia kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inaanza safari ikiwa tayari na mwendo huo bila kuchoma hata tone la mafuta. Na ikiharibika, vipande vyake vinaangukia baharini.

Sisi wa pwani hii tumewahi kuwa na nafasi kama hiyo. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitalia walirusha roketi ndogo kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota iliondokea pale tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa ajili hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wanafunzi wengi wa astronomia duniani wanalijua jina hilo bila kujua ni la lugha gani.

Turudi Kourou. Setilaiti ikishafika inaingizwa kwenye chumba safi, yaani ukumbi mkubwa ambao hewa yake inachujwa mchana na usiku. Wafanyakazi huvaa nguo nyeupe zinazofunika mwili, nywele na mdomo. Hili si suala la mazoea tu. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye kioo cha darubini itakaa hapo maisha yote ya setilaiti, kwa kuwa huko juu hakuna wa kuifuta. Humo chumbani setilaiti inafunguliwa na kuwashwa, na kila kifaa kinaulizwa kwa umeme kama bado kiko kama kilivyotoka kiwandani. Vifuniko vyekundu vinavyolinda vioo na midomo ya injini ndogo vinahesabiwa vinapowekwa na vinahesabiwa tena vinapoondolewa. Kifuniko kimoja kikisahaulika, jicho la mabilioni ya fedha litakwenda angani likiwa limefumbwa.

Halafu inakuja siku ya kujaza mafuta ya setilaiti yenyewe, ambayo wengi wanaiona kuwa ya hatari kuliko siku nyingine zote za chumbani. Roketi haiifikishi setilaiti hadi mahali pake. Inaiacha kwenye njia ndefu ya yai, na setilaiti inajipandisha kwa injini yake. Mafuta ya injini hiyo ni jamii ya haidrazini, sumu kali kwa mapafu na ngozi, na yakigusana tu na kemikali ya pili inayokwenda nayo yanawaka bila kiberiti. Ndiyo maana kemikali hizo mbili hazijazwi kwa wakati mmoja. Mafundi wachache huingia wakiwa ndani ya mavazi yaliyozibwa, yenye hewa yake, na wengine wote wanatoka nje ya jengo.

Bolti 24

Hapa inatupasa kuiacha Kourou kidogo twende California, kwa sababu kuna kisa kimoja kinachofundisha maana ya kuandaa kuliko maelezo yoyote ya injini. Kiliandikwa kwa kirefu katika taarifa ya uchunguzi ya NASA ya mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 2003, katika kiwanda kilichoko Sunnyvale, mafundi walikuwa wakiishughulikia setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani iliyoitwa NOAA-N Prime, ya aina ile ya kwanza inayopita juu ya ncha za dunia. Ilikuwa imesimama wima juu ya kitoroli maalumu, na kazi ya siku hiyo ilihitaji ilazwe. Kitoroli kilianza kuinamishwa. Setilaiti ikateleza kutoka juu yake na kuanguka sakafuni, kama mita moja hivi. Hakuna aliyeumia, lakini chombo kilichojengwa kwa miaka kilikuwa kimelala upande kwenye zege, kimepondeka.

Sababu ilipatikana mara moja. Sahani ya chuma iliyounganisha setilaiti na kitoroli ilipaswa kufungwa kwa bolti 24. Hazikuwepo. Kundi jingine, lililokuwa likishughulika na setilaiti nyingine, lilikuwa limezifungua kabla na halikuandika popote. Hilo ndilo kosa la kwanza, na tukiwa wakweli, ni kosa la kawaida ambalo hutokea katika kila karakana duniani. Ndiyo maana utaratibu ulikuwa umeweka ukaguzi: kabla ya kuinamisha kitoroli, hakikisheni kimefungwa. Wahusika hawakwenda kuhakikisha. Walitegemea karatasi za kazi iliyotangulia, ambazo zilionyesha kwamba kitoroli kilikuwa sawa. Sahihi zikawekwa. Na jambo ambalo sisi limetuuma zaidi katika taarifa ile ni hili: mmoja wa mafundi aliona matundu matupu ya bolti, akasema. Maneno yake hayakufuatiliwa.

Tunawaomba wanaseminari waisome sehemu hiyo mara mbili. Hakukuwa na upungufu wa elimu chumbani mle. Hakuna aliyekuwa hajui kwamba kitu kizito kisichofungwa kitaanguka. Kilichokosekana ni hatua tano sita za kutembea hadi kwenye kitoroli na kuinama. Sahihi iliyowekwa siku ile ilikuwa inasema "nimeona", na aliyeiweka hakuwa ameona. Sisi sote tunaozijua fomu, za shule, za zahanati, za mradi wa kisima, za hesabu za kigango, tunajua jinsi mkono unavyoweza kuzoea kusaini. Mara mia moja inapita salama, na ile salama ndiyo inayotufundisha vibaya.

Kuitengeneza upya setilaiti hiyo kuligharimu dola milioni 135. Ilirushwa tarehe 6 Februari 2009 na kupewa jina NOAA-19, ikafanya kazi kwa zaidi ya miaka 15. Mtu akitaka kujua thamani ya bolti moja, hesabu ni rahisi: gawa milioni 135 kwa 24.

Mnara wa baridi na moto

Wakati setilaiti ikiandaliwa chumbani, roketi nayo inajengwa katika jengo jingine, ikiwa imesimama. Ariane 5 ilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 50 na uzito wa karibu tani 780 siku ya safari. Kati ya hizo, mzigo wote wa setilaiti ni kama tani 11 tu. Kwa kila kilo moja ya setilaiti, kama kilo 70 za vitu vingine zinaondoka ardhini, na kubwa katika hizo ni mafuta ya kuchomwa.

Pande zake mbili zina roketi saidizi, kila moja ikiwa na karibu tani 240 za mafuta magumu yaliyomiminwa yakiwa uji mzito kisha yakakauka kama mpira. Hizi ndizo zinazotoa zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya kuondokea. Tabia yake moja lazima ikumbukwe hadi mwisho wa somo: mafuta magumu yakishawashwa hayazimiki. Hakuna bomba la kufunga. Yataungua mpaka yaishe.

Katikati kuna mwili mkuu wenye matangi mawili, moja la oksijeni na jingine la haidrojeni, vyote vikiwa vimiminika. Haidrojeni huwa kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, yaani nyuzi 20 tu kutoka kwenye baridi ya mwisho ambayo maumbile yanaruhusu. Tena ni nyepesi ajabu: lita moja haifiki hata gramu 75. Kwa hiyo tani 25 za haidrojeni zinahitaji tangi kubwa mara tatu kuliko lile linalobeba tani 150 za oksijeni. Ukiona picha ya roketi hiyo, sehemu kubwa ya unachokiona ni nyumba ya haidrojeni.

Baridi ya namna hiyo inaleta mambo yake. Chuma kinasinyaa, kwa hiyo mabomba lazima yapozwe polepole kwanza. Hewa ya kawaida ikibaki ndani ya bomba itaganda iwe barafu na kuziba, kwa hiyo bomba la haidrojeni husafishwa kwa heliamu, gesi pekee isiyoganda hapo. Haidrojeni hupenya kwenye ufa ambao maji yasingeuona, na ikiwaka mwali wake hauonekani vizuri kwa macho mchana. Matangi hayajazwi mapema. Kazi huanza karibu saa tano kabla ya kuondoka, wakati ambapo hakuna mtu tena karibu na mnara. Na kwa kuwa kimiminika hicho kinachemka muda wote, hata kikiwa kwenye baridi ile, kinaendelea kujaziwa mpaka dakika za mwisho.

Siku chache kabla ya hapo setilaiti zimekwishapandishwa na kuwekwa kichwani mwa roketi, zikafunikwa kwa kofia kubwa yenye kipenyo cha mita 5.4. Siku moja kabla ya safari, roketi nzima ikiwa wima juu ya meza yake ya chuma ilivutwa na lori juu ya reli, taratibu kuliko mwendo wa mtu anayetembea, mpaka mahali pa kurushia.

Huko ilipofika, chombo cha kupima hali ya hewa kilianza kusubiri hali ya hewa. Upepo wa juu ukiwa mkali unaweza kuipinda roketi inapopita. Radi inaweza kuunguza kompyuta zake. Minara minne mirefu ilisimama kuzunguka mahali hapo kazi yake ikiwa kuvuta radi isifike kwenye roketi, na maputo hurushwa mara kadhaa kupima upepo. Tahadhari hii ililipiwa zamani: tarehe 14 Novemba 1969 Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza ya safari, na radi ya kwanza ilijitengeneza kwa sababu roketi na moshi wake viligeuka kuwa waya mrefu kati ya wingu na ardhi.

Hesabu isiyoangaliwa

Si kila bolti ni ya chuma. Ariane 5 ya kwanza kabisa iliruka tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou hiyohiyo, ikiwa na setilaiti nne za utafiti. Baada ya sekunde kama 40 ikageuka ghafla, ikavunjika na kulipuka ikiwa haijafika hata kilomita 4 kwenda juu.

Kilichoharibika kilikuwa programu, na kwa namna ya pekee programu ya maandalizi. Roketi ina kifaa kinachoijulisha imeelekea wapi. Kifaa hicho lazima kilinganishwe kikiwa bado chini, na sehemu fulani ya programu ilifanya ulinganishaji huo. Baada ya kuondoka haikuwa na kazi yoyote, lakini iliachwa iendelee kwa sekunde kama 40 kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika Ariane 4, iliyotangulia. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi. Namba moja ndani ya programu ikakua kupita 32,767, ambayo ndiyo ya mwisho inayoenea katika nafasi iliyotengewa. Wanaosoma kompyuta watajua namba hiyo inatoka wapi: ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 15, kisha toa 1. Programu ikasimama. Kulikuwa na kifaa cha pili cha akiba, lakini kilikuwa na programu ileile, kwa hiyo nacho kilikuwa kimesimama kwa sababu ileile. Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu, ikaudhani ni taarifa za safari, ikageuza injini kufuata mwelekeo ambao haukuwepo.

Angalia jinsi kinavyofanana na kitoroli cha Sunnyvale. Kule waliamini karatasi za kazi iliyopita. Hapa waliamini programu ya roketi iliyopita. Programu ile ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa miaka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeijaribu kwa mwendo wa roketi mpya. Hata baada ya fundisho hilo, Januari 2018 Ariane 5 nyingine iliondoka Kourou na kwenda nje ya njia yake, kwa kuwa mwelekeo wa kuanzia ulikuwa umeingizwa kwa namba isiyo sahihi, na ukaguzi wa kawaida haukuigundua. Bahati nzuri setilaiti zake zilipona.

Sekunde saba

Hivyo tunarudi kwenye jioni ile ya Desemba 2022. Ndani ya ukumbi wa uongozi wa Kourou, unaoitwa Jupiter, kila idara ina alama yake kwenye ubao: roketi, setilaiti, hali ya hewa, usalama, vituo vya kufuatilia safari. Kijani ni tayari, nyekundu ni hapana. Jambo tunalolipenda katika utaratibu huu ni kwamba nyekundu moja inatosha. Haipigwi kura. Anayesimamia upepo hahitaji kukubaliwa na anayesimamia injini. Akisema hapana, mamia ya watu na shehena ya mabilioni vinasimama. Fundi wa Sunnyvale aliyeyaona matundu matupu hakuwa na kitufe cha namna hiyo.

Dakika saba kabla ya kuondoka kompyuta zinashika usukani, kwa kuwa mambo ya kuangalia kwa kila sekunde ni mengi kuliko yanayowezekana kwa macho ya watu. Hesabu inarudi nyuma hadi sifuri. Lakini kwenye sifuri Ariane 5 haikuwa ikiondoka. Kwenye sifuri iliwashwa injini kuu peke yake, ile ya haidrojeni, na kwa sekunde kama saba roketi ilibaki pale pale ikiunguruma, huku kompyuta ikichunguza kama injini inapumua inavyopasa. Injini hii inaweza kuzimwa. Roketi saidizi haziwezi. Sekunde saba hizo ndizo nafasi ya mwisho ya kusema hapana.

Na imewahi kusemwa. Tarehe 30 Machi 2011 injini kuu iliwaka, kompyuta ikaona kasoro, ikaizima kabla roketi saidizi hazijawashwa. Watazamaji waliona moshi, kisha kimya. Mmoja wa abiria wa siku hiyo alikuwa New Dawn, setilaiti ya mawasiliano kwa ajili ya Afrika. Roketi ilirudishwa, ikakaguliwa, na kuruka tarehe 22 Aprili mwaka huohuo.

Safari hii kompyuta ilikubali. Baada ya dakika mbili na ushee roketi saidizi ziliachwa zikaanguka baharini. Hewa ilipokwisha kofia ilifunguka vipande viwili. Mwili mkuu ukamaliza mafuta yake karibu dakika ya tisa, na sehemu ya juu ikaendelea. Katika dakika ya 34 MTG-I1 iliachiliwa. Kwa siku zilizofuata ilijipandisha kwa mafuta yale ya sumu mpaka kwenye kilomita 35,786.

Picha yake ya kwanza ilitangazwa Mei 2023. Baada ya miezi mingi ya kupima na kulinganisha ilianza kazi rasmi mwezi Desemba 2024, kwa jina la Meteosat-12, na taarifa zake hupokelewa na mamlaka za hali ya hewa za Afrika pamoja na za Ulaya. Ariane 5 yenyewe ilistaafu Julai 2023, hivyo ndugu yake anayefuata, MTG-S1, aliyetengenezwa kupima joto na unyevu wa hewa kutoka chini hadi juu, alipandishwa kwenye roketi nyingine, Falcon 9, huko Florida. Kwa hiyo kazi ilianza upya: chumba safi kingine, mavazi yaleyale yaliyozibwa, vifuniko vyekundu vikahesabiwa tena, hadi ilipoondoka tarehe 1 Julai 2025.